Kiingereza cha Namalwa

Dada yangu Namalwa alijifunza Kiingereza akiwa na ufagio mkononi. Mungu anisaidie niandike habari zake kwa ukweli, kwa sababu siku niliyotakiwa kusema ukweli mbele ya watu sikuusema, na aliyeumia ni yeye.

Sisi ni watu wa Navakholo. Mama yetu alifariki Namalwa akiwa darasa la tano, mimi sijaanza shule. Aliweka vitabu juu ya kabati akashika jembe. Miaka yote niliyosoma, yeye alikuwa katika miwa ya watu akipalilia, na majani yalimkata mikono hadi ukimsalimia unahisi umeshika gome la mti. Nikafika fomu foo, nikapata cheti, nikaajiriwa katika duka la mbegu na dawa za mimea hapo sokoni. Kanisani nikafanywa karani. Watu wakaniita Lazaro wa Kiingereza, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza nafasi zilizoachwa kwenye karatasi ya mtihani. Nikikutana na mtu anayekizungumza, ulimi ulikuwa unakauka.

Namalwa hakuolewa. Alimzaa Mitchel hapo nyumbani, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo ni wa boma la babu yake. Kwao ni kwetu, na akifa anazikwa kwetu. Mungu hakumpa mwingine.

Mitchel alipomaliza shule alikaa miaka miwili bila kazi, kisha akaenda kujiandikisha katika darasa la Madam Kemunto mjini Kakamega, ghorofani, nyuma ya soko. Hapo wasichana wanaokwenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani hufundishwa Kiingereza cha mazungumzo kwa wiki sita. Karo ilipotushinda, Namalwa alipanda ngazi akamwambia Madam kwamba atafagia na kuchemsha chai, mradi mtoto asome. Madam akakubali. Basi mama na binti wakapanga chumba kimoja mjini, na kila asubuhi walikwenda darasani pamoja, mmoja na daftari, mwingine na ndoo.

Madam Kemunto ni mwanamke mfupi, Mkisii, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Nilifika pale siku moja kumletea dada yangu mahindi nikasimama mlangoni nikasikiliza.

"Nyinyi mnajua maneno mengi," alikuwa akiwaambia wasichana. "Mnajua water, mnajua child, mnajua hospital. Lakini mnayatupa kama mawe. Me go hospital! Mwenye nyumba akisikia hivyo atadhani unatoroka. Mnasema aje?"

"May I go to the hospital, madam?"

"Ehee. Hilo may ni dogo, lakini ndilo linalobisha hodi."

Kisha akamwita msichana mmoja abebe beseni lililojaa maji peke yake. Maji yakamwagika. Akamwita wa pili ashike upande wa pili, wakalibeba hadi dirishani bila kumwaga tone.

"Mmeona? Kitenzi kina nguvu zake, lakini mkiongea na watu kinataka msaidizi. Do, can, will, have, shall. Bila hao unamwaga maji kwa nyumba ya wenyewe."

Aliyeinama kupangusa maji alikuwa Namalwa. Nilimwona midomo yake ikisogea: do, can, will, have, shall.

Jioni yake walinikaribisha chumbani mwao nile nao. Mitchel alijifunga leso kichwani, akaketi kwenye debe, akawa mama mwenye nyumba.

"You, Namalwa! Have you washed the cups?"

"Yes, madam, I have."

"Did you break any?"

"No, I did."

Mitchel aliangua kicheko hadi leso ikaanguka. "Mama! Ni no, I didn't!"

"Lakini nimekivunja kimoja, mtoto. Kile cha maua."

"Basi sema yes, I did. Ukiongopa, ongopa vizuri. Ukikubali, kubali vizuri."

"Si unifukuze tu kazi nirudi kwa miwa," Namalwa akasema, na wote wawili wakacheka wakishikana mabega. Kisha Mitchel akanigeukia. "Na wewe, khotsa, wa fomu foo? Can you help my mother?" Khotsa ndivyo mtoto anavyomwita kaka ya mama yake. Nilijibu kwa Kiswahili kwamba sufuria inaungua.

Mitchel aliondoka mwezi wa pili. Kwa mwaka na zaidi alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Namalwa akasisitiza nusu ya mazungumzo iwe kwa Kiingereza ili binti asisahau. Mimi nilidhani ni mchezo wao. Sasa najua kwamba kwa njia hiyo Mitchel aliweza kumwambia mama yake mambo mbele ya wenye nyumba wakidhani ni sentensi za mazoezi ya darasani, na kwa njia hiyo Namalwa alijua kuanzia Januari kwamba mtoto anakohoa na hapelekwi kwa daktari.

Jumapili moja simu haikulia. Iliyofuata nilikuwa kwa dada yangu Kakamega, akapiga msichana wa Khwisero aitwaye Tracy, aliyefanya kazi nyumba iliyopakana na ile. Alisema Mitchel amefariki. Namalwa hakupiga nduru papo hapo. Aliuliza kwanza, "Aliomba kupelekwa hospitali?"

"Aliomba, mama. Kila siku. Nilikuwa nikimsikia kwa dirisha. May I go to the hospital, madam? May I? Kwa heshima kabisa. Walikuwa wanamwambia kesho."

Hapo ndipo nduru ilimtoka dada yangu. Nimesikia nduru nyingi, maana karani wa kanisa hafungi mlango matanga yanapotangazwa, lakini ile sijaisikia tena wala siombi kuisikia.

Tukarudi nyumbani Navakholo, tukawasha moto wa matanga, tukangoja mwili. Kampuni ya ajira iliyompeleka Ghuba haikushika simu tena. Tulibaki na namba moja tu ambayo Tracy alitutafutia, ya ofisi ya chumba cha maiti katika mji ule. Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyejitaja kwa jina la Khadija, naye si mwenyeji wa huko. Kiingereza chake pia kilikuwa cha kujifunza ukubwani. Mimi ndiye niliyepewa simu kwanza. Nilisema good afternoon mara tatu, kisha nikaganda kama mtu aliyesimama juu ya siafu na kuona haya kuruka. Namalwa akanipokonya.

"Good afternoon, madam. I am the mother of Mitchel. May I ask you something?"

Tangu hapo alipiga yeye. Kila siku ya kazi saa nane mchana aliweka simu yangu juu ya kiti cha plastiki uani, akafungulia spika, wazee wakasogea. Walikuwa hawaelewi, lakini walipenda kusikia. Wale wanawake wawili waliongea polepole, kila mmoja akimngoja mwenzake avuke sentensi kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Khadija alisema mwili upo, jina ni lenyewe. Alisema mwajiri hajatia sahihi karatasi ya kuutoa. Alisema atauliza. Kesho yake alisema ameuliza. Can, will, have, did: nilisikia maneno ya beseni la Madam Kemunto yakifanya kazi ambayo Madam mwenyewe hakuwahi kuifikiria.

Wiki tano zikapita. Watu wa nje huenda hawajui uzito wa matanga yasiyo na mwili. Boma haliruhusiwi kupalilia. Binamu yetu alikuwa na harusi, ikasimamishwa. Mahindi yalimezwa na magugu tukiyatazama. Mchungaji Ayub alikuja kuomba nasi kila Jumatano, na kila Jumatano sala ilikuwa fupi kuliko ile iliyotangulia. Mzee Wanjala, mdogo wa baba yetu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na magoti yake hayapendi baridi ya kuketi nje.

Jumatatu moja Namalwa alipomaliza kuongea na Khadija, Mzee Wanjala aligonga fimbo chini.

"Amesema nini leo?"

"Baba mdogo, amesema mkubwa wake amerudi kutoka likizo," Namalwa akaanza. "Atamwomba. Labda kufikia Ijumaa..."

"Sijakuuliza wewe. Wewe ni wa ufagio. Kuna mtu hapa ana cheti cha serikali. Lazaro! Huyo mama amesema nini?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimesikia vizuri alichosema Khadija. Alisema atajaribu, atamwomba mkubwa wake, huenda Ijumaa kukawa na jibu, lakini hawezi kuahidi. Yote niliyaelewa. Nikatazama zile nyuso, wanawake waliolala kwenye magunia wiki tano, binamu wa harusi, watoto wenye mafua ya moshi. Nikafungua kinywa.

"Amesema Ijumaa mwili utakuwa hapa."

Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja akaanzisha pambio. Mzee Wanjala alinyanyua mikono yote miwili na kusema kwamba elimu ni kitu kizuri.

Namalwa alinitazama tu. Angeweza kunikanusha hapohapo, na nani angemwamini? Alinifuata jikoni.

"Lazaro, kwa nini?"

"Nimesema kwa imani, dada."

"Imani gani? Khadija amesema ataomba. Kuomba si kupewa. Hata mtoto wangu aliomba."

"Mungu anaweza kufanya iwe."

"Anaweza. Basi umwambie aharakishe, kwa sababu baba mdogo ametuma watu watafute majembe."

Ningeweza kutoka nje wakati ule na kurudisha maneno yangu. Nilikaa hapo nikichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilijiambia kwamba kusema uongo kwa kumtegemea Mungu si uongo kamili. Nimeomba toba kwa ajili ya neno hilo mara nyingi, na naandika nikiwa bado naomba.

Ijumaa asubuhi vijana wa ukoo walichimba kaburi kando ya la mama yetu. Kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi. Likifunguliwa leo, leo hiyohiyo litapokea kitu, la sivyo litajitafutia mtu wa boma lile. Mtu akipotea, kwa mfano akichukuliwa na mto na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa nguo yake, unatajwa kwa jina lake na kuzikwa. Baada ya hapo amezikwa. Hata mwili ukionekana mwaka wa pili, hakuna mzee atakayekubali kufungua ardhi tena kwa jina lile.

Saa sita ikafika, saa nane, saa tisa. Kila gari lililovuma barabarani watu walisimama, kisha wakaketi. Saa tisa na nusu Mzee Wanjala aliinuka, akazunguka nyuma ya jikoni, tukasikia panga. Alirudi na vijana wawili wakibeba mgomba mabegani, maji yakitiririka mahali ulipokatwa.

"Leteni nguo ya mtoto," akasema.

"Hapana!" Namalwa alikimbia akasimama mbele ya kaburi. "Baba mdogo, mtoto wangu hajapotea. Najua aliko. Najua namba ya chumba na namba ya sanduku alimolala. Huwezi kumfanya mgomba."

"Mama, mimi nimengoja na wewe. Lakini kaburi hili nilichimba kwa neno la kaka yako."

Hapo nilipiga magoti kwenye udongo mbele ya wote. "Ni mimi, baba mdogo. Nilidanganya. Yule mama hakuahidi kitu. Msimwadhibu dada kwa kosa langu."

 Mtu akatema mate. Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Karani wa kanisa!" Mchungaji Ayub akainamisha kichwa. Mzee Wanjala alinitazama kama mtu anayetazama mvua iliyokwisha kunyesha.

"Kaburi haliulizi ni nani amedanganya," akasema. "Limefungua mdomo."

Namalwa akachukua simu. Akapiga. Akafungulia spika.

"Madam Khadija, I am sorry. They are at the grave. Has he signed? Has he agreed?"

Khadija akaongea haraka kuliko siku zote, na safari hii nilitafsiri kila neno, nikiwa bado nimepiga magoti. Alisema mwajiri amekataa, lakini mkubwa wake anaweza kumruka mwajiri iwapo familia italeta barua. Barua iandikwe na mkubwa wa ukoo, ipigwe muhuri na chifu, iseme kwamba mtoto huyu hajazikwa na kwao wanamngoja. Aliuliza, "Can your elder write it? I will carry it to him myself."

Namalwa akamgeukia Mzee Wanjala. "Umesikia? Utaiandika?"

"Barua ya kusema hajazikwa?" Mzee alinyooshea mgomba fimbo. "Nikishamtia huyu humo, nitaandika uongo kwa chifu? Kuna mwongo mmoja katika boma hili, anatosha."

"Basi usimtie."

"Na kaburi?"

 Jua lilikuwa linashuka upande wa miwa. Mchungaji Ayub alisema kwa upole kwamba damu ya Yesu inatosha kulifunga kaburi lolote, tulirudishie udongo tu, tuombe. Wazee walitikisa vichwa. Wazazi wengine walikuwa tayari wanawaita watoto wao watoke kwenye boma lile, na niliona hofu yao si ya kuigiza.

Namalwa aliingia nyumbani. Nilidhani amekwenda kuleta gauni la Mitchel, nikajua ameshindwa. Alirudi na kanzu yake ya buluu ya kufagilia na kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Akapiga magoti kando ya mgomba, akauvisha kanzu, akafunga vifungo kimoja kimoja, akauzungushia kitambaa mahali pa kichwa. Aliufunga vizuri, kama anavyojifunga mwenyewe Jumapili.

"Huyu," akasema, "ni Namalwa. Mzikeni."

Nasikia hata sasa jinsi watu walivyovuta pumzi.

"Unajua unachosema?" Mzee Wanjala alikuwa amesahau hata kuegemea fimbo.

"Najua, baba mdogo."

"Tukimzika huyo, umekufa kwetu. Hutalala katika boma hili. Hutakula chakula cha hapa. Hatutakuita kwa harusi, hatutakuita kwa matanga. Maiti hamziki maiti."

"Nimeelewa. Kaburi litakuwa limepata mtu. Na mtoto wangu atakuwa hajazikwa. Utaandika barua?"

Nilimshika mkono. Nilimwambia atie jina langu, mimi ndiye mwenye kosa. Akanisukuma, si kwa hasira.

"Wewe una mke na watoto katika boma hili, Lazaro. Mimi nilikuwa na mmoja."

Mzee Wanjala alisogea ukingoni mwa kaburi. Kisha akasema jina la dada yangu juu ya shimo, na jina la baba yetu, na jina la babu, kama inavyotakiwa. Mgomba ukashushwa. Mchungaji Ayub hakuomba. Alisema hawezi kumwombea aliye hai kama mfu, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Sijui kama alifanya vizuri au vibaya. Namalwa alisimama hapo akitazama hadi kanzu ya buluu ilipofunikwa. Kisha akampa Mzee Wanjala kalamu ya kutia sahihi.

Barua niliiandika mimi, kwa Kiingereza, na Namalwa akaisoma kabla haijatiwa sahihi. Alinirudishia mara moja. Nilikuwa nimeandika kwamba familia ingependa. "Andika tunaomba," akasema. "Halafu andika tunangoja." Jioni ileile alivuka lango akarudi Kakamega, na tangu siku hiyo hajakanyaga uani kwetu.

Ilichukua miezi mitatu mingine. Aliendelea kupiga simu kutoka ngazi za darasa la Madam Kemunto, saa nane, baada ya kufagia. Kuna wiki ambazo Khadija hakupatikana na tulijua kwamba yamekwisha. Namalwa alikonda hadi Madam akamkataza kubeba ndoo. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi sakafuni, daftari la Mitchel magotini, akirudia sentensi za maombi ya adabu moja baada ya nyingine, macho makavu. Nilipomwambia tuombe alisema, "Wewe omba. Mimi siku hizi naomba Khadija tu. Mungu anajua Kiingereza, atasikia." Sikumkemea. Nani mimi?

Mwili ulifika mwezi wa tisa. Namalwa ndiye aliyekwenda uwanja wa ndege Nairobi, kwa kuwa ndiye aliyeweza kujibu maswali ya karatasi, na ndiye aliyefungua kifuniko akahakikisha. Alisafiri na jeneza hadi Navakholo akiwa amelishika kwa mkono. Gari lilipofika langoni kwetu, aligonga kioo, dereva akasimama, akashuka. Gari likaingia bila yeye.

Safari hii mchungaji Ayub alikuja. Alimsihi Mzee Wanjala kwa Maandiko, kwa machozi, amwache mama amzike mtoto wake. Nami nilisihi, ingawa neno langu katika ukoo halina uzito tena. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mchungaji, mimi mwenyewe nilimtaja juu ya shimo. Nikimrudisha leo, yule aliye chini ni nani? Shimo litauliza."

Jirani yetu Navalayo, ambaye shamba lake limepakana na makaburi yetu, alimwita Namalwa upande wake wa ua na kumtolea kiti. Hakukaa. Alisimama nyuma ya miti ya ua, hatua kumi kutoka kwa jeneza, na aliona kila kitu. Wakati wa kutupa udongo nilichukua konzi moja, nikamtazama. Alitikisa kichwa nisije kuchukua ya pili kwa niaba yake. Vijana wakaanza kufukia.

Udongo ulipofika nusu alitoa simu. Wimbo ulikuwa umeisha, kwa hiyo boma zima lilimsikia, ingawa wachache walielewa.

"Madam Khadija. She has come. I have seen her face. It is her."

Sauti ya kule sikuisikia. Nilisikia ya dada yangu tu.

"Yes. They are burying her now."

Akasikiliza. Majembe yalikuwa yanaendelea.

"No, I can't. I am standing near. I can see."

Kisha akasikiliza tena, muda mrefu, na nikaona mgongo wake ukiinama kidogo kidogo hadi akashika ua kwa mkono. Nadhani yule mwanamke wa mbali, Mwislamu ambaye hatujawahi kuuona uso wake, alikuwa akimwombea marehemu kwa lugha yake. Namalwa alingoja hadi akamaliza. Akasema amina. Akakata simu, akamshukuru Navalayo kwa kiti, akashika njia ya shambani kuelekea barabarani.

Mke wangu alinipa sahani ya obusuma, ugali wetu, na nyama nimkimbizie. Nilimfikia karibu na barabara. Aliitazama ile sahani kwa njaa, maana hakuwa amekula tangu Nairobi.

"Imetoka kwa boma?" akauliza.

"Ndiyo, dada."

"Basi rudi nayo, Lazaro. Tusije tukampa baba mdogo sababu ya kusema bado niko hai, akamwamsha mtoto."